Upepo wa Barabara ya Leo

Upepo unaotoka kwenye tairi kuukuu una harufu yake. Wengi hawaijui kwa sababu hawajawahi kuinama karibu na valvu wakati pini inabonyezwa. Ni harufu ya mpira uliochoka na vumbi, na ndani yake kuna kitu kama sanduku la nguo lililofungwa muda mrefu. Majuzi nilipeleka pikipiki yangu kwa fundi pancha hapa Mbeya, kijana mmoja mwenye maneno mengi. Akainama, akabonyeza pini, ule upepo ukanipiga usoni. Akaniuliza, "Dada, nikuwekee upepo wa lami au wa tope?" Nilisimama pale nimeduwaa mpaka akainua uso na kusema, "Swali dogo tu hilo, dada'angu."

Si swali dogo. Nyumbani kwetu swali hilo lilikosa mtu wa kuliuliza, na lilitugharimu. Ninyi wa rika langu, mlioziona pikipiki za Kichina zikiingia vijijini mpaka kila njia panda ikawa na kijiwe, mtanielewa haraka. Asiyenielewa avumilie, maana mimi nikianza kusema sinyamazi. Nimelelewa kwenye uwanja wa watu walionyamaza mno, nadhani ndiyo sababu.

Kwetu ni Kisondela, migombani. Nyumba ya babu mzaa baba ilikuwa juu kidogo, yetu chini yake, na katikati uwanja mmoja tuliokuwa tukiufagia sote. Baba alinunua pikipiki baada ya kuuza ng'ombe, akawa anabeba ndizi na maparachichi kupeleka sokoni Tukuyu. Kabla haijatimiza hata misimu miwili akaanza kuugua kifua. Alipoona nguvu zinakwisha, akaamua kumfundisha mama kuendesha. Ilikuwa kiangazi, barabara zote vumbi tupu. Baba aliketi kwenye kigoda pembeni mwa uwanja wa shule, amejifunika blanketi jua likiwaka, akimpigia mama kelele za gia. Mama alikuwa akicheka. Nakumbuka kile kicheko kwa sababu sikukisikia tena kwa muda mrefu.

Somo la upepo alimfundisha hapohapo. Hatukuwa na geji ya kupimia upepo. Baba alimshika mama kidole gumba, akakikandamiza kwenye tairi la nyuma, akamwambia, "Likikupa kama shavu, jaza. Likikupa kama kisigino, pakia mzigo uondoke." Shavu na kisigino, ndiyo elimu yote mama aliyoachiwa. Ilikuwa elimu sahihi kabisa kwa kiangazi. Mwalimu alikufa kabla mvua hazijaanza.

Mara ya mwisho baba kushika pampu alijaza tairi la mbele. Alipampu kidogo, akapumzika, akapampu tena, huku jasho linamtoka. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele yake. Akili yangu ya kitoto ikaniambia kwamba upepo ule ulikuwa unatoka kifuani mwake, kwamba ndiyo maana kifua kilikuwa kinaisha. Alipofariki na watu wakawa wanalia, mimi nilijua siri yangu: baba hajaisha wote, mwingine yumo kwenye tairi la mbele. Nilikuwa nakwenda kuligusa asubuhi kabla ya kwenda shule. Sikumwambia mtu yeyote.

Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa kijana mwenye haraka na maisha, na aliitaka pikipiki. Hakuficha. Alisema, "Hiki ni chombo cha mwanaume. Shemeji ataanguka nacho, atuletee msiba juu ya msiba." Wazee wengine wakaguna kuonyesha wanakubali. Mama hakuwamo kikaoni. Alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, anasikiliza, na mimi nimemkalia mapajani. Alijua wazi kinachozungumzwa. Pikipiki ikiondoka, yeye anarudi kuchuma chai kwenye mashamba ya watu, kazi aliyoiacha alipoolewa. Anatoka alfajiri, kikapu mgongoni, anarudi vidole vimeiva kwa utomvu. "Kule sirudi," alininong'oneza, kana kwamba mimi ndiye hakimu.

Babu alichelewa kusema. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti la mvua la kazini na mabuti, kwa sababu maisha yake yote aliendesha trekta kwenye mashamba ya chai, na kustaafu hakukumvua lile koti. Mwisho akasema, "Ataendesha yeye. Siku akianguka, inatoka." Basi. Kikao kikafungwa kwa sala. Mama alishusha pumzi, akanibana kwa nguvu hadi nikaumia. Tukajua kwamba tunaishi juu ya neno moja: asianguke.

Alianza kuendesha. Mwanzoni watu walisimama kando ya njia kumtazama, mwanamke mjane na mikungu ya ndizi nyuma yake, wengine wakimtania kwamba sasa wanaume watabeba mimba. Mama alijibu utani kwa utani akapita zake. Hela ya sare yangu, mafuta ya taa na sabuni, vyote vilitoka kwenye ule mkia wa pikipiki. Akawa anatembea kama mtu mwenye shughuli zake. Niliipenda sana hali ile, na niliogopa sana kilima cha kushuka mtoni, maana ndicho kilikuwa kibaya kuliko vyote.

Kisha mvua zikaanza, na mvua za kwetu mnazijua. Mlima Rungwe ukishajifunika ukungu, mnaweza kukaa muda mrefu bila kuona kivuli chenu wenyewe. Asubuhi moja mama alikuta tairi la nyuma limelegea. Akalibonyeza, likampa kama shavu. Akatoa pampu, akajaza mpaka kisigino, akaondoka. Siku ya jua, tairi lilikuwa zima. Mvua ikanyesha tena usiku, asubuhi shavu tena. Mama akalipeleka kwa fundi wa kijiweni, fundi akautoa mpira wa ndani, akauzamisha kwenye beseni la maji, akauzungusha wote. Hakuna hata kiputo kimoja. Fundi akafuta mikono, akamwambia mama, "Huu mpira mzima, mama. Labda kuna mtu anakuchezea."

Mama alirudi na neno hilo, hakulisema tena, lakini asubuhi iliyofuata aliniamsha giza likiwa linaanza kuachia. Tukaingia jikoni bila kuwasha moto. Ukuta wa mianzi una nafasi, ukiweka jicho unaona uwanja wote. Tukasubiri. Akaja mtu katikati ya ukungu, koti la mvua, mabuti, mwendo wa polepole. Akachuchumaa penye pikipiki. Tukasikia ule mlio wa upepo unapotoka, mrefu, kisha ukakatika, akabonyeza kwa kidole, ukatoka tena kidogo. Alikuwa babu. Akahamia tairi la mbele.

Nikaanza kulia. Mama alidhani ninaogopa, akaniziba mdomo kwa kiganja. Ningemwambiaje kwamba ule uliokuwa unatoka ni upepo wa baba?

Sasa hapa ndipo wasio wa kwetu huniuliza: kwa nini mama yako asitoke tu akamuuliza? Ndugu zangu, kwa Wanyakyusa wa zamani mke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hamsalimii, hamtaji jina, hali chakula naye. Akimsikia anakuja njiani anaingia migombani, anampa mgongo, anangoja apite. Tunaita kutila. Siku hizi mambo yamelegea, mchungaji mwenyewe alishasema hayo ni ya wazee, na mjini Tukuyu wapo mabinti wanaopiga picha na wakwe zao huku wamekumbatiana. Lakini mama yangu alilelewa Masukulu na mwanamke mkali, akafundishwa kwamba heshima ya nyumba yote iko kwenye shingo yake, na shingo hiyo aliiinamisha tangu siku aliyoolewa. Alimjua babu kwa sauti, kwa kikohozi na kwa mabuti. Maneno yote kati yao yalipita kwangu. Mimi ndiye nilikuwa simu yao.

"Siwezi kumtokea," mama akanong'ona. "Nenda wewe. Msalimie kwanza. Halafu muulize anatafuta nini."

Nilikwenda mpaka penye pikipiki. "Shikamoo, babu."

"Malahaba."

"Mama anauliza, unatafuta nini?"

Hakuinua kichwa. Alikuwa na kijiti mkononi, anabonyezea pini. "Naangalia mbepo," akasema.

Mbepo kwa Kinyakyusa ni upepo. Lakini mimi neno hilo nilikuwa nimelizoea kanisani, maana Biblia ya bibi zetu humwita Roho Mtakatifu kwa neno hilohilo. Mtoto wa darasa la tatu, alfajiri, ukungu, mzee amechuchumaa penye chombo cha marehemu anakwambia anaangalia mbepo. Nikarudi nyuma hatua moja. Alipomaliza akasimama kwa shida, akapangusa kidole kwenye koti, akanitazama. "Mwambie mama yako," akasema, "balabala ya leo siyo ya jana." Wazee wetu herufi ya r huwapiga chenga, hivyo ndivyo alivyotamka. Akageuka akarudi kwake.

Nikaupeleka ujumbe vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Mama akauliza, "Amesema hivyo?"

"Ndiyo."

"Hivyohivyo? Barabara ya leo siyo ya jana?"

"Hivyohivyo."

Akaketi kwenye kigoda cha jikoni. Lazima mwelewe tulivyolelewa. Mzee wa kwetu akikutumia salamu kwamba mbuzi wake amekata kamba, hukimbilii kutafuta mbuzi. Unakaa chini kwanza ujiulize umemkosea nini. Mzee hasemi jambo moja kwa moja na mkwe, atasema kwa fumbo, na mwenye akili atalifumbua. Mama akalifumbua. "Jana nilikuwa na mume," akasema taratibu. "Leo sina. Ananikumbusha kwamba njia yangu imeisha. Alisema nikianguka inatoka, na sasa anahakikisha naanguka."

Mimi nikakubali. Kwa nini nisikubali? Ilikaa vizuri kabisa. Fundi alishasema kuna mtu anatuchezea, kikao kilishatoa hukumu, na kwa macho yangu nilishaona upepo wa baba ukimwagwa. Hata leo nikiyapanga mambo yale mezani, yanakaa vilevile. Jambo linaloniumiza hapo ni kwamba hakuna aliyekuwa mjinga.

Mama hakulia. Hasira ilimkausha. Alichukua pampu, akajaza tairi la nyuma mpaka mpini ukagoma, akalipiga teke, likamrudishia mguu. Akajaza na la mbele hivyohivyo. "Na aje apunguze tena nikiwa njiani," akasema. Akapakia matenga ya maparachichi, akajifunga khanga kiunoni, akawasha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Udongo wetu ukinywa maji unakuwa kama mlenda. Nilibeba mkoba wa shule nikamfuata kwa miguu, maana njia yetu ilikuwa moja mpaka mtoni.

Sikumwona akianguka. Nilikuta ameshaanguka. Pikipiki ilikuwa imelala upande, tairi la nyuma bado linazunguka kidogo, matenga yamepasuka, na maparachichi yamesambaa mpaka kwenye mfereji. Akina mama waliokuwa wakipanda kutoka mtoni walikuwa wanayaokota, wanayafuta kwa majani, wanayaweka kwenye rundo. Mama alikuwa ameketi kando ya njia, tope mpaka kwenye nywele, ameshika bega la kulia kwa mkono wa kushoto. Mdomo ulikuwa mweupe. Nilimkimbilia. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni, "Babu yako ameshajua?"

Babu alijua kabla hatujafika nyumbani, Kisondela haifichi kitu. Mama alipelekwa hospitali mjini, akarudi jioni mkono umening'inizwa kwa kitambaa. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Baba mdogo alikuja. Si mtu mbaya, sitaki mumfikirie hivyo. Alisema, "Pole sana, shemeji," akakaa, akanywa chai aliyopewa, akaangalia sakafu. Halafu akatoka akaisukuma pikipiki kwenda nayo bila kuiwasha, nadhani kwa aibu, ili mlio wake usitufikie. Babu aliketi nje ya nyumba yake ametugeuzia mgongo. Hakutamka neno la kumzuia. Alikuwa amesema siku akianguka inatoka, na neno la mzee halirudi mdomoni. Nilimchukia. Niliuchukia mgongo ule kwa nguvu zangu zote za mtoto, nikawa naupelekea chakula bila kuutazama.

Bega lilipona vibaya, likabaki limeshuka kidogo. Mama akarudi kwenye chai. Kamba ya kikapu ilikuwa inapita palepale palipovunjika, akawa anaweka kitambaa kilichokunjwa chini yake. Alitoka kukiwa na giza, alirudi vidole vimekuwa vyeusi, na sikumsikia kulalamika. Ningependa angelalamika.

Mvua zile zilikuwa hazijaisha. Asubuhi moja nilikuwa nafagia uwanja, baba mdogo akaja na pikipiki kumsalimu babu kabla ya kwenda kijiweni. Babu alitoka, hakujibu hata salamu vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye tairi la nyuma, akalikandamiza kwa kidole gumba.

"Gumu hili," akasema. "Toa mbepo."

"Nina abiria wawili wa kushuka nao mtoni, baba."

"Toa. Balabala ya leo siyo ya jana."

Nikaacha kufagia, nikasikiliza. Baba mdogo yeye alitazama njia, akaona tope, akasema, "Kweli, jana palikuwa pakavu," akachuchumaa, akabonyeza pini. Alilichukua neno kama lilivyo. Barabara ni barabara, jana ni jana. Kwake yeye, aliyekuwa mwana na anaongea na baba yake ana kwa ana, halikuwa fumbo hata kidogo.

"Tairi gumu halishiki tope," babu akaendelea, sasa anaongea kwa wepesi ambao sikuwahi kuusikia. "Linapita juu juu. Hata trekta la chai, ukishuka nalo bondeni na mbepo mwingi, unakwama unalala hukohuko. Unalilegeza kidogo, lijitandaze, liume chini. Likikauka, unajaza tena. Mkwe wangu nilikuwa namtolea mimi mwenyewe kila ikinyesha." Akamwangalia baba mdogo kwa jicho la pembeni. "Siku aliyoanguka nililigusa lile tairi. Lilikuwa jiwe. Kuna mtu alilijaza nyuma yangu."

"Si mimi, baba," akasema baba mdogo.

"Sijasema ni wewe."

"Naapa si mimi."

Babu hakuonekana kuamini. Nilisimama pale na ufagio wangu, mtu pekee kwenye uwanja ule aliyejua ni nani. Mtoto haingilii mazungumzo ya watu wazima, hilo nalo tulifundishwa. Nikangoja mama arudi.

Nilimwambia jioni, akiwa anachambua maharage. Nilimsimulia yote, mpaka habari ya trekta. Mikono yake ilisimama ndani ya ungo. Akauliza swali lilelile la siku ile, "Alisema hivyohivyo?" Nikamjibu ndiyo. Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe alikuwa anasema barabara," akasema. "Barabara hii ya kukanyaga." Nikamwambia nitakimbia sasa hivi nimweleze babu kwamba ni yeye mama aliyejaza, ili asimdhanie baba mdogo. Akanishika mkono. "Neno hilo halitumwi mtoto. Utamwambia nini? Kwamba nilidhani anataka nivunjike shingo? Mzee wa watu alikuwa anaamka na baridi ile kwa ajili yangu." Akarudisha mikono kwenye maharage. "Mwache adhani anavyodhani."

Basi neno likalala. Tunajua sote kwamba kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto, tunaliandika kwenye kuta za madarasa. Lakini kuuliza kunahitaji mtu wa kumtazama. Nimewaza mara nyingi jinsi ambavyo ingetosha babu aongeze neno moja tu, tope, au mvua, na mama angelegeza tairi akashuka salama mpaka mtoni. Au ingetosha mimi niwe mtoto mtundu, wa kuuliza kwa nini na kwa nini mpaka nipigwe. Sikuwa hivyo. Sijilaumu, nilikuwa mdogo na nilifanya kazi niliyotumwa. Ninasikitika tu, na masikitiko hayo hayapungui kadiri ninavyokua. Baba alimwachia mama nusu ya elimu ya upepo, babu alikuwa na nusu ya pili, na nusu mbili hizo zililala uwanja mmoja mpaka mwisho.

Jambo moja lilibadilika, na watu walilicheka. Kwa mila, mama ndiye alipaswa kumpisha babu njiani. Sasa mzee, akisikia wachuma chai wanarudi na kikapu cha mkwe wake kimo kati yao, alikuwa anaingia migombani yeye, mabuti na koti lake, anawapa mgongo wanapita. Vijana wa kijiweni walimtania kwamba uzee umemgeuza mkwe. Mama alipita ameinamisha kichwa, kikapu mgongoni, na nilijua kwa namna alivyokuwa akipunguza mwendo kwamba anatamani kusema kitu.

Nilikwenda sekondari, nikaenda chuo, pikipiki ile ikachakaa mikononi mwa baba mdogo akaiuza kama vyuma chakavu. Babu alizeeka, akawa hatoki, nikawa nikija likizo namkuta kwenye kiti chake akisikiliza mvua. Hakuwahi kujua ni nani aliyejaza lile tairi. Alifariki usingizini, kifo ambacho kila mzee hukiomba.

Siku ya mazishi jeneza liliwekwa uwanjani kati ya nyumba mbili, kifuniko kikafunguliwa watu waage. Mama alikuwa amejitenga kule nyuma na akina mama wa jikoni, kama desturi. Shangazi yetu mkubwa akamfuata, akamshika mkono. "Wifi, njoo," akamwambia. "Leo hakuna kutila. Njoo umuage mzee wako." Mama akasita. Kisha akanitafuta kwa macho, nikaenda nikampa mkono wangu, tukaingia kwenye mstari.

Alipofika alisimama. Wengine walikuwa wanapita, yeye alisimama. Aliinua uso wake polepole, mama yangu, aliyekuwa ameishi hatua chache kutoka kwa mtu yule tangu akiwa msichana, akamtazama kwa mara ya kwanza. Niliusikia mkono wake ukinibana. Nilidhani atalia kama wengine, lakini aliinama karibu zaidi, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Kumbe walifanana hivi," akasema. "Yeye na baba yako. Paji hili, mdomo huu. Mbona hamkuniambia?" Akanigeukia, na machozi sasa yalikuwa yanashuka. "Ningemtazama hata mara moja asubuhi zile, mwanangu, ningejua. Uso huu usingenitakia mabaya."

Mimi nilikuwa nalijua tangu utoto, kila mtu Kisondela alilijua, kwamba babu na baba walikuwa sura moja. Haikutujia akilini hata siku moja kwamba yeye peke yake ndiye halijui.